Mahali Atakapolala Mama

Tangu turudi, kila anayeingia dukani kwangu kutoa nakala ya kitambulisho anakaa kwenye kaunta muda mrefu kuliko kazi aliyoijia. Anataka kujua ilikuwaje. Wengine wanataka kujua wabebe nini, kwa sababu na wao wana mtoto au ndugu ng'ambo na siku moja watakwenda kupumzika huko. Nimesimulia mara nyingi mpaka nikajigundua naruka sehemu zinazonitia aibu. Basi nimeamua kuandika mara moja, pamoja na aibu zenyewe, na atakayeuliza tena nitampa karatasi hii asome.

Mnanijua. Mimi ni Auma wa duka la kunakili karatasi na kujaza fomu pale Kondele, Kisumu. Miaka mingi nimewajazia watu fomu za safari, na mimi mwenyewe nilikuwa sijapanda ndege hata ya kwenda Nairobi. Ukutani nimebandika orodha ya mambo ya kutayarisha: nakala mbili za pasipoti, moja ya kubeba na moja ya kuacha nyumbani, dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku, pamoja na karatasi ya daktari, kichwa cha plagi kinachoingia ukuta wa huko, viatu ambavyo umeshavivaa, si vipya, na mengineyo. Yote ni mambo ishirini na saba. Nilikuwa naijivunia sana orodha ile. Habari za viza na tiketi naziruka, hizo mtazipata kwenye kaunta kama kawaida.

Safari yenyewe ilikuwa ya mama yangu, mimi nikiwa msindikizaji. Mama ana miaka sabini na mitatu na anaishi Asembo Bay, kando ya ziwa. Mdogo wangu Akoth anaishi Ujerumani, ameolewa na seremala wa huko anayeitwa Jens, na wana binti wa miaka minne, Anyango, ambaye Mama alikuwa hajamwona ila kwenye simu. Jens alikuja Asembo mara moja tu, mwaka waliooana. Alikaa kutwa nzima, na kutwa nzima Mama alikuwa jikoni. Chakula kilitoka, kuku wawili na samaki, lakini Mama hakutoka. Akoth aliondoka na uso umekunjwa na tangu siku hiyo hakukanyaga tena Asembo. Kwenye simu aliniambia, "Mama hamtaki mume wangu. Ni sawa. Lakini mimi siji kuaibishwa mara ya pili."

Kwa hiyo alipotualika wiki tatu, na nauli akalipa Jens, nilijua hatuendi kutazama majengo tu. Safari hii ikiharibika, Akoth harudi nyumbani tena, na Mama atazeeka akimwona mjukuu kwenye kioo cha simu.

Asembo Bay

Pima sanduku kabla ya kufika uwanja wa ndege. Hiyo ni nambari kumi na nne kwenye orodha yangu. Nilikwenda kumchukua Mama siku moja kabla ya safari, na mizani iliyokuwa karibu ya kupima mzigo kama ule ni ile ya ufukweni wanayopimia samaki. Anayepima ni Bwana Ouko, jirani yetu wa siku nyingi. Alilitundika sanduku kwenye ndoano ileile iliyokuwa na samaki mbuta dakika moja kabla.

"Yawa! Hii bag iko kilo ishirini na nane," akasema. "Mama, hiyo ndege itashindwa kuruka."

Tukalifungua palepale mchangani. Juu kulikuwa na leso za Anyango, kibuyu, na mifuko miwili ya unga wa wimbi. Chini kabisa, ndani ya sweta niliyomnunulia soko la Kibuye, kulikuwa na furushi la omena.

"Mama, samaki na nyama haviingii Ulaya. Nilikwambia."

"Hizi zimekauka."

"Hata zikikauka."

Akampa Bwana Ouko zile omena. Sanduku likashuka mpaka kilo ishirini na mbili. Tukaliacha kwenye banda la samaki tukaenda kunywa chai ya kuagana na majirani. Likumbukeni hilo banda.

Kwenye chai mama mmoja alimuuliza, "Na huko utalala wapi?"

"Kwa Akoth," Mama akajibu. "Ana boma lake."

Nililisikia hilo la boma nikalipuuza. Nilidhani ni maneno tu ya mzee. Akoth hana boma, ana nyumba moja yenye ghorofa moja juu, na mimi nilikuwa nimeiona kwenye picha mara kumi.

Kisumu hadi Nairobi

Usiku huo Mama alilala kwangu Kondele, chumba cha nyuma, akalala vizuri. Hilo nalo lingenifungua macho kama ningekuwa na akili. Wakati marehemu mume wangu, Baba Achieng, yu hai, Mama hakulala kwangu hata siku moja. Alikuwa akija asubuhi, anamsaidia huyu na yule, na saa kumi anashika mkoba wake na kusema kuku wake hawana wa kuwafungia. Siku hizi analala hata wiki, na kuku bado wapo. Nilidhani amezoea kuwaacha.

Safari ya ndege ya Kisumu kwenda Nairobi ni fupi, hata soda hujamaliza. Mama alikaa dirishani. Alipoliona ziwa kutoka juu, akasema magugu ni mengi kuliko wanavyotuambia. Hilo ndilo aliloliona.

Nairobi walituletea kiti cha magurudumu, maana nilikuwa nimekiomba. Mzazi wako akiwa amezidi miaka sabini, kiombe hata kama anatembea shambani kutwa, kwa sababu viwanja hivi ni virefu. Mama alikitazama kile kiti, akamtazama kijana wa watu aliyekileta.

"Mimi si mgonjwa," akasema. "Weka mkoba."

Kwa hiyo mkoba wa Mama ukasukumwa mpaka mlango wa ndege na mwenye mkoba akatembea kando yake, mikono nyuma, akiwaamkia watu.

Kuamkia watu ndiko kulikotuchelewesha kuketi. Mama hajui kuingia mahali penye watu bila kuwasalimu. Kwenye matanga, kwenye harusi, kwenye mkutano wa ufukweni, unaanza mwanzo wa mstari unampa kila mtu mkono mpaka mwisho. Ndege ilikuwa imejaa. Akaanza na mstari wa kwanza, wale wenye viti vipana. "Misawa. Misawa. Habari yako, baba." Wengine walishangaa, wengine walisimama kabisa kumpokea, Mhindi mmoja mzee akamshika kwa mikono miwili. Nyuma yangu watu walikuwa wamejazana na mizigo kichwani. Viti vyetu vilikuwa mstari wa ishirini na tatu, na hakuna aliyekaa kandokando ya njia ile ambaye hakupewa mkono na mama yangu.

Addis Ababa

Hapa tulipaswa kukaa saa mbili. Ukungu ukatuweka mpaka asubuhi. Mlango wetu ulibadilishwa mara mbili, na mara ya pili Mama mwenyewe aliuliza kama kile kiti bado kipo. Wakaleta kingine. Hakukikalia, lakini alikishika mpini.

Kama orodha yangu ilifanya kazi mahali fulani, ni hapa. Dawa zake za presha zilikuwa mkononi wakati sanduku liko kusikojulikana. Soksi nzito zilikuwa mkononi. Simu ilikuwa na chaji, na nilikuwa nimezima data, la sivyo salio lote lingekwisha kabla hata hatujafika. Nilijisikia mtu mwenye maana sana. Nilimpiga picha Mama akiwa amevaa soksi zangu za orodha, nikamtumia Akoth kwa wifi ya uwanja.

Asubuhi walitupa chakula kwa sababu ya kuchelewa: injera na dengu. Mama aliichunguza ile injera, akaikunja, akaichovya, akala kwa mkono, akamaliza. Mwanamke aliyekuwa akifuta meza alisimama kumtazama. Alimletea nyingine bila kuulizwa. Mama alimwambia kwa Dholuo kwamba ni chachu kidogo lakini inashibisha, na yule mwanamke akajibu kwa lugha yake, na wakaelewana kwa namna wanayoijua wenyewe. Nilipowauliza wanazungumza nini Mama aliniambia nile, chakula kinapoa.

Frankfurt

Askari wa pasipoti alikuwa kijana mpole. Aliuliza tumekuja kufanya nini, nikasema kupumzika na kumwona mtoto. Akauliza, "Mtalala wapi?" Nikampa barua ya mwaliko yenye jina la Jens na anwani. Akasoma, akagonga muhuri.

"Ameuliza nini?" Mama akataka kujua.

"Tutalala wapi."

"Umemwambiaje?"

"Kwa Jens na Akoth."

Mama alisimama. Watu wakatupita kushoto na kulia. "Kwa Jens?" akasema. "Nyumba ya Jens mwenyewe?" Halafu akatembea, na tangu hapo akawa na ule ukimya wake ambao watoto wake wote tunaujua na hakuna anayeupenda.

Sikupata nafasi ya kuuliza, kwa sababu karibu na mlango wa kutokea mbwa wa forodha alikuja, akalinusa sanduku letu, na kuketi kando yake kama amefika nyumbani. Alivutwa, akarudi, akaketi tena. Tukapelekwa pembeni. Maafisa wawili waliovaa glavu walitoa kila kitu mezani: leso, kibuyu, sweta, unga. Hakukuwa na samaki. Wakapapasa kingo za sanduku. Wakatafuta chini ya kitambaa cha ndani. Mmoja akainama akanusa, akajirudisha nyuma haraka.

Ikabidi nieleze mizani ya Bwana Ouko. Jaribuni siku moja kumweleza Mjerumani mwenye bunduki kiunoni kwa nini sanduku lako la safari limetundikwa kwenye ndoano ya mbuta na kuachwa kwenye banda la omena. Nililieleza mara tatu. Kuhusu unga, yule mwingine alipoushika kwa wasiwasi, Mama alimimina kidogo kiganjani akaulamba mbele yake, kisha akamkaribisha. Hakuchukua, lakini alicheka. Mbwa peke yake ndiye hakuridhika.

Saa nzima ilikuwa imepita. Akoth alikuwa nje na Anyango, na treni yetu ilikuwa imekwenda. Mama alimnyanyua mtoto, akamnusa shingoni, akamshikilia muda mrefu. Akoth alilia, mimi nililia, Anyango akasema kwa Kijerumani, nilitafsiriwa baadaye, kwamba nyanya ananuka kama paka wa jirani.

Pimeni masanduku yenu kwa mizani ya posho mill.

Nyumba moja

Treni iliyofuata ilitufikisha Kassel jioni. Jens alikuwa anatungoja na gari lake la kazi. Ni mtu mrefu, mikono mikubwa, masikio mekundu. Alikuwa amevaa shati la pasi. Alimfungulia Mama mlango wa mbele, akainama, akanyoosha mkono. Mama aliuzunguka ule mkono kama mtu anavyozunguka dimbwi, akaingia nyuma ya gari, akakaa kati ya mbao, akafunika uso nusu kwa leso. Masikio ya Jens yakazidi kuwa mekundu.

Nyumba yao iko kijijini, safi, ndogo, choo kimoja. Juu kuna vyumba vitatu vilivyobanana. Kimoja kilikuwa kimetayarishwa. Jens alikuwa ametengeneza kitanda kwa mikono yake, kifupi, ili Mama asipande. Mbao zilikuwa zimepigwa msasa mpaka zinateleza. Mama alikitazama kitanda, akaushika ubao, nikaona kimempendeza. Kisha akagonga ukuta kwa vidole.

"Upande huu analala nani?"

"Sisi," Akoth akasema.

"Ber," Mama akasema, yaani ni vizuri, kisha akateremka ngazi, akatoka nje, akakaa kwenye benchi karibu na banda la mbao, koti limefungwa mpaka shingoni na mkoba mapajani.

Jikoni Akoth aliweka sufuria kwa kishindo. "Ameanza tena. Wiki mbili, Auma! Wiki mbili ametengeneza hicho kitanda. Kama ni kumdharau mume wangu angebaki tu Asembo."

"Unajua ni mila."

"Please. Mama wa rafiki zangu wanalala kwa wakwe zao Nairobi kila siku. Mila ni ile anaitaka. Kesho akisema anataka kurudi, mpeleke. Na mimi sitakuja huko tena, ujue hivyo."

Nilitoka nje. Nilikuwa nimechoka, na niseme ukweli, nilikuwa na hasira na Mama. Nilimwambia asimame aingie ndani, usiku unakuja. Akatazama juu. Ilikuwa saa mbili na nusu za usiku na jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa.

"Usiku gani?" akasema. "Nitakaa hapa. Jua lenyewe hata halizami."

"Wiki tatu?"

"Auma, nyara." Nyara maana yake ni 'binti yangu', na akiniita hivyo najua nimekosea. "Nyumba ni ya mkwe wangu. Ukuta ni mbao. Choo ni kimoja. Mimi nilidhani ana boma, kuna nyumba ya wageni pembeni, kama watu. Wewe ndiye ulijaza karatasi. Hukuona?"

Niliona. Kwenye fomu kuna mahali pameandikwa anwani ya pale utakapolala. Nimewajazia watu sehemu hiyo maisha yangu yote, na ya Mama niliijaza kwa herufi kubwa, sikukosea hata tarakimu. Ndipo nikakumbuka.

"Kumbe wale kuku," nikasema.

"Kuku gani?"

"Wako. Wakati wa Baba Achieng. Ulikuwa huwezi kulala kwangu."

Mama alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeelewa hesabu muhula mmoja baada ya mtihani. "Kuku hufungiwa na jirani," akasema.

Niliona aibu kweli. Mama mkwe na mkwe hawakaribiani, hilo nililijua kama ninavyojua jina langu, na kwa miaka yote niliona kuku.

Jens alikuwa nyuma ya banda, anapanga vipande vya mbao vilivyokuwa vimeshapangwa. Kiingereza chake na changu vilikutana katikati.

"Nimemkosea nini?" akauliza.

"Hujamkosea. Kwetu mama mkwe na mkwe hukaa mbalimbali. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja. Hiyo ndiyo heshima. Kubwa kuliko hiyo hana."

Akafikiri. "Na ile siku jikoni?"

"Alikuwa anakuheshimu."

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Ndiyo maana kuku walikuwa wawili."

Alikaa juu ya gogo. Akajipangusa macho kwa kiwiko, akasema ni vumbi la mbao. Halafu akauliza swali ambalo seremala tu angeuliza. "Paa tofauti. Umbali wa mita ngapi?"

Sikujua mita. Nilimwambia paa lolote lisilo lake. Akasimama, akaruka ua mdogo wa kando, akagonga mlango wa jirani.

Kwa Bi Irmgard

Jirani huyo ni mjane wa miaka themanini na kitu, Bi Irmgard, mwenye viazi, paka mmoja na chumba kitupu. Alikuja mpaka kwenye benchi akiwa na ndara, akamtazama Mama, Mama akamtazama.

"Ana mkwe, huyu mama?" Mama akaniuliza.

"Hana watoto."

"Basi sawa." Akampa mkono, akachukua mkoba wake, wakaondoka. Jens alibeba kitanda. Alikifungua vipande juu, akakipitisha dirishani, akakiunga tena kwa Bi Irmgard kabla jua halijazama, huku Mama akikaa jikoni mpaka amalize na kutoka.

Wote tulitulia, ila Akoth. Yeye aliona imezidi kuwa mbaya: mama mzazi ametoka Asembo Bay amekuja kulala kwa mtu baki, na kijiji kizima kinaona. Asubuhi ya tatu yeye na Mama walikuwa jikoni wakisonga ugali wa wimbi, mimi nikiosha vikombe, na Akoth akalitoa la moyoni.

"Mama, sema tu ukweli. Jens hujampenda."

Mama aliendelea kusonga. "Kwenye ndege," akasema, "nilimpa kila mtu mkono. Muulize Auma. Kuna mmoja alikuwa na pete puani, nikampa. Wale si kitu kwangu. Nikitoka pale siwajui." Akageuza ugali. "Huyu angekuwa si kitu kwangu, ningemshika mkono pale kituoni tukaenda zetu. Huyu ni mkwe wangu. Nitamshikaje?"

Akoth aliuacha mwiko. Alimwegemea Mama begani kutoka nyuma, na ugali ule uliungua kidogo tukaula hivyohivyo.

Baada ya hapo siku zilikuwa na utaratibu. Jens alipokaribia nyumba alipiga mluzi, wimbo uleule, ili Mama apate muda wa kuhama. Siku moja alisahau, wakakutana uso kwa uso mlangoni. Mama akaingia nyuma ya pazia, Jens akaingia stoo akafunga mlango. Anyango alifurahi kupita kiasi, akaanza kuhesabu mpaka kumi ili awatafute.

Mama alimpelekea Jens sahani ya ugali kila jioni, akaiacha dirishani. Sahani ilirudi tupu. Kwa Bi Irmgard alipanda kunde kando ya viazi, sijui mbegu alizipitishaje, na sikuuliza. Jioni wale wazee wawili walikaa mbele ya televisheni, kila mmoja akieleza kwa lugha yake kinachoendelea, na kwa kadiri alivyonitafsiria Akoth, hakuna aliyepatia.

Wiki ya mwisho kulikuwa na kigoda mlangoni kwa Bi Irmgard. Cha miguu mitatu, kifupi, cha mti mwekundu, kimefungwa kwenye gazeti. Hakikuwa na barua. Mama alikigeuza akatazama maungio, akapitisha kidole, akakikalia. Alikikalia mpaka siku ya kuondoka, hata mezani, kidevu kikiwa sawa na sahani.

Kurudi

Acheni nafasi kwenye sanduku la kurudi, hamtarudi na mlichokwenda nacho. Kigoda hakikuingia. Mama alikibeba kwapani, na askari wa ukaguzi alikipitisha kwenye mashine mara mbili.

Orodha ya dukani nimeichapa upya. Mambo ni ishirini na manane, na lililo juu kabisa, kabla ya pasipoti, linauliza: kila mmoja wenu atalala wapi, na nyumba ni ya nani? Wateja wengine wanacheka. Akina mama wakubwa hawacheki, wanaisoma na kunitazama.

Kabla ya ukaguzi ule tuliagana. Akoth alikuwa amemshika Mama mkono na haachi.

"Krismasi tunakuja," akasema. "Sote watatu."

"Najua. Jens atalala kwa Ouko. Nimeshapiga simu, wanatoa nyavu kwenye chumba."

"Umepiga lini? Mimi nimeamua jana."

"Wiki iliyopita," Mama akasema.

Jens alikuwa amesimama mbali, karibu na mashine ya tiketi, mikono nyuma, mahali ambapo mtu angeweza kudhani hajuani nasi. Watu walikuwa wakipita kati yake na sisi. Alikuwa amevaa lile shati la pasi. Mama alimpa Anyango leso aliyokuwa amejifunga kiunoni, akainua kigoda chake, akaanza kutembea. Baada ya hatua chache akasimama.

"Auma," akasema. "Mwambie asogee kidogo."

Nilimwashiria. Jens hakuamini. Alitazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine, kisha akasogea, hatua moja, mbili, tatu, akisimama baada ya kila moja kuuliza kwa macho. Mama aliteremsha leso ya kichwani mpaka mabegani, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu awe mkwe wake.

"Hapo," akasema. "Hapo panatosha."